FILAMU FUPI: Vijana wana kamera, ukumbi hawana

WAHENGA walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Methali hiyo yaweza kuwa kweli kwa mchuuzi wa maembe, ambaye mnunuzi huyaona matunda yake yamepangwa, akayatomasa na kuyanusa kabla ya kutoa hela mfukoni.

Kwa kijana aliyetengeneza filamu ya dakika 10, mambo huwa kinyume. Kazi yake, hata iwe njema namna gani, itabaki imelala ndani ya tarakilishi mpaka apatikane mtu wa kutafuta ukumbi, kuzima taa na kuwakalisha watu waitazame.

Kutengeneza filamu kumekuwa rahisi kuliko wakati mwingine wowote. Rununu ya kawaida hunasa picha safi, na programu za kuhariri picha na sauti zapatikana bila malipo. Kijana wa Kayole, Likoni au Kondele aweza leo kufanya kazi ambayo miaka 30 iliyopita ilihitaji kamera ya bei ghali, mikanda na maabara ya kuisafishia.

Kilichobaki kuwa kigumu ni kuonekana. Pengo hilo ndilo ambalo maonyesho ya filamu fupi za waelekezi chipukizi hujaribu kuliziba, na ndiyo sababu maonyesho hayo yana uzito kuliko wengi wanavyodhani.

Filamu fupi ni ipi?

Hakuna kipimo kimoja kinachokubaliwa kote ulimwenguni.

Akademia ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar huichukulia kuwa fupi filamu isiyozidi dakika 40, ikiwemo orodha ya majina ya walioshiriki kuitengeneza. Tamasha la Sundance, pia la Marekani, hukubali zile ambazo hazijafika dakika 50.

Hata hivyo, nyingi ya filamu za chipukizi huwa za kati ya dakika 5 na 20. Waandaaji wa maonyesho huzipendelea hizi kwa kuwa kadiri filamu inavyorefuka, ndivyo inavyochukua nafasi ya mwelekezi mwingine kwenye ratiba.

Uhusiano wa filamu fupi na filamu ndefu unashabihiana na ule wa hadithi fupi na riwaya. Riwaya ina nafasi ya kusimulia habari za ukoo mzima na kuzunguka miji kadhaa. Hadithi fupi hushika tukio moja, mhusika mmoja na badiliko moja, kisha ikakoma.

Kwa hivyo, mwelekezi wa filamu fupi hana dakika za kupoteza. Iwapo kisa ni cha mtoto aliyepoteza nauli, mtazamaji apaswa kumjua mtoto huyo, kumhurumia na kuhofu pamoja naye kabla hata hajajituliza vyema kitini.

Kuna pia suala la gharama. Kisa chenye waigizaji watatu, nyumba moja na siku mbili za kurekodi kinaweza kutekelezwa kwa mchango wa marafiki na majirani. Filamu ndefu hudai wiki kadhaa za chakula, usafiri, malazi na ujira.

Kosa lililofanywa katika filamu ya dakika 10 huwa ni somo. Kosa lilo hilo katika filamu ya dakika 90 laweza kuwa deni la miaka mingi.

Waliopitia njia hii

Mfano unaotajwa sana nchini ni wa Wanuri Kahiu na filamu yake 'Pumzi' ya mwaka wa 2009.

Filamu hiyo ya takriban dakika 20 inasimulia ulimwengu baada ya vita vikuu vya kugombea maji. Watu wanaishi ndani ya majengo yaliyofungwa, wakisafisha hata jasho lao ili wapate ya kunywa. Mwanamke kwa jina Asha, anayetunza makavazi, anapokea udongo ulio na uhai na kuamua kutoka nje kwenda kupanda mbegu.

Mnamo Januari 2010, 'Pumzi' ilionyeshwa katika tamasha la Sundance. Tangu hapo imefundishwa na kujadiliwa katika vyuo vikuu vya mabara mbalimbali kila panapozungumziwa hadithi za kisayansi kutoka Afrika.

Miaka minane baadaye, Kahiu aliipeleka filamu yake ndefu, 'Rafiki', kwenye tamasha la Cannes nchini Ufaransa.

Sippy Chadha naye alitengeneza filamu fupi 'Subira' mwaka wa 2007, kuhusu msichana wa Lamu anayetamani uhuru ambao jamii yake haijazoea kumpa mtoto wa kike. Zaidi ya mwongo mmoja baadaye alikirudia kisa hicho na kukifanya filamu ndefu yenye jina lilo hilo. Filamu hiyo ndiyo Kenya iliyoiwasilisha mwaka wa 2019 kuwania tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu za kimataifa.

Jim Chuchu alishiriki mwaka wa 2013 katika mradi ulioleta pamoja filamu fupi kutoka miji sita ya Afrika, zikiwemo Lagos na Dakar. Nairobi iliwakilishwa na filamu yake 'Homecoming'.

Mtaani Kibera, filamu ya dakika 12, 'Kibera Kid', iliyotengenezwa mwaka wa 2006 na Mmarekani Nathan Collett, iliwatumia watoto wa mtaa huo kama waigizaji. Kutokana na kazi hiyo lilizaliwa wakfu wa Hot Sun, ambao baadaye ulianzisha mafunzo ya filamu kwa vijana wa Kibera.

Katika visa hivi vyote, filamu fupi ilikuwa kama kadi ya utambulisho. Mfadhili au mtayarishaji asiyemjua kijana hawezi kumkabidhi mamilioni kwa kusoma barua yake tu. Akiitazama kazi yake kwa robo saa, hupata jibu.

Fundisho la 'Watu Wote'

Kuna filamu fupi nyingine ambayo Wakenya hujivunia, ingawa hadithi yake ina uchungu ndani yake.

Mnamo Desemba 21, 2015, wapiganaji wa Al-Shabaab walilivamia basi lililokuwa likielekea Mandera. Walitaka Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa, na baadhi yao waliwapa wenzao Wakristo hijabu ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi siku hiyo, alifariki Januari 2016.

Tukio hilo liligeuzwa filamu ya dakika 22 iitwayo 'Watu Wote'. Waigizaji walizungumza Kiswahili na Kisomali, na upigaji picha ulifanyika humu nchini.

Filamu hiyo ilishinda tuzo ya Oscar ya wanafunzi mwaka wa 2017, na mwaka uliofuata ikateuliwa kuwania Oscar yenyewe katika kitengo cha filamu fupi za maigizo.

Mwelekezi wake, Katja Benrath, alikuwa mwanafunzi wa chuo cha habari cha Hamburg, Ujerumani. Filamu hiyo ilikuwa kazi yake ya kuhitimu masomo.

Hakuna dhambi kwa mgeni kusimulia kisa cha Wakenya, tena kwa heshima na kwa kushirikiana na wasanii wa hapa. Lakini ufanisi huo unaacha swali linalofaa kujibiwa: je, mwanafunzi wa Nairobi au Garissa aliyekuwa na wazo lilo hilo angepata wapi mwalimu, vifaa na ukumbi wa kumfikisha hapo?

Pa kuonyeshea

Jibu si kwamba hapajawahi kuwepo majukwaa. Yamekuwepo, na mengine yameacha alama kubwa.

Tangu mwishoni mwa mwaka wa 2005, mpango wa Lola Kenya Screen ulioanzishwa na mwanahabari Ogova Ondego ulikuwa na kikao cha kila mwezi katika taasisi ya Goethe, Nairobi. Filamu zilitazamwa, kisha waliozitengeneza wakaulizwa maswali na wenzao. Kuanzia Agosti 2006, mpango huo pia ulikuwa na tamasha la watoto na vijana.

Mnamo 2011 lilianzishwa tamasha la filamu za mitaa ya mabanda, lililopeleka skrini Kibera na Mathare. Wakazi walitazama bila kiingilio visa vilivyotokea vichochoroni mwao, vikisimuliwa na vijana waliowajua kwa majina.

Katika kambi za wakimbizi za Kakuma na Dadaab, shirika la FilmAid lilionyesha filamu usiku kwenye skrini kubwa zilizopandishwa juu ya malori. Mbali na kuonyesha, shirika hilo liliwafunza vijana wakimbizi kushika kamera, na kazi zao zikawa sehemu ya tamasha lililofanyika kambini.

Nje ya mipaka, Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, limekuwa likizileta pamoja kazi za ukanda huu tangu 1998 katika Mji Mkongwe. Huko Kampala, mwelekezi Mira Nair alianzisha Maisha Film Lab mwaka wa 2004, mahali ambapo waandishi na waelekezi wachanga wa Afrika Mashariki walinolewa kwa kutengeneza filamu fupi chini ya wakufunzi wazoefu.

Shule nazo hazikuachwa nyuma. Tamasha la kitaifa la drama, lenye historia ya tangu 1959, sasa hubeba jina la drama na filamu, na wanafunzi hushindana kwa filamu fupi sawa na wanavyoshindana kwa mashairi na michezo ya jukwaani. Kwa wengi, hilo ndilo onyesho lao la kwanza mbele ya majaji.

Kila mwaka, tuzo za Kalasha, zilizoasisiwa na Tume ya Filamu nchini mwaka wa 2009, huwatambua pia watengenezaji wa filamu fupi.

Ukumbi ni darasa

Thamani ya maonyesho hayo haiishii kwenye makofi.

Mwelekezi anapotazama filamu yake peke yake chumbani, huiona ile aliyoikusudia. Anapoketi nyuma ya watu 60 wasiomjua, huiona ile aliyoitengeneza.

Hapo hutambua kuwa kichekesho alichokipenda hakikumchekesha yeyote, na kwamba watu walianza kukohoa na kutazama rununu zao kuanzia dakika ya nne. Aidha, huenda akashangaa kusikia kimya kizito mahali ambapo hakutarajia.

Mafunzo hayo hayapatikani kwa kuhesabu idadi ya waliobofya video mtandaoni. Takwimu za mtandao humwonyesha mwelekezi mahali mtu alipoacha kutazama. Ukumbi humwonyesha alivyohisi kabla ya kuacha.

Isitoshe, ukumbini ndiko watu hukutana. Mpiga picha asiye na mwelekezi humpata mwelekezi asiye na mpiga picha. Vikundi vingi vya utayarishaji huanzia kwenye mazungumzo ya mlangoni baada ya taa kuwashwa.

Zinavyochaguliwa

Wengi wa chipukizi hukata tamaa kazi zao zinapokataliwa, pengine kwa kutojua namna uteuzi unavyofanywa.

Kwa kawaida mwandaaji hutangaza mwito na tarehe ya mwisho. Filamu hupokelewa kupitia mtandao, na jopo la wateuzi huzitazama moja baada ya nyingine. Kipindi kimoja cha maonyesho huchukua takriban dakika 90, kwa hivyo nafasi ni za filamu sita hadi tisa tu.

Wateuzi hawatafuti filamu bora pekee. Hutafuta pia mkusanyiko unaooana. Filamu tatu nzuri kuhusu dawa za kulevya haziwezi kuwekwa pamoja bila kuwachosha watazamaji, hivyo mbili huachwa ingawa hazina kasoro.

Yapo mambo kadhaa ambayo huamua hatima ya kazi mapema.

La kwanza ni sauti. Mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini hawezi kuvumilia mazungumzo yaliyomezwa na upepo au honi za matatu. Maikrofoni ndogo iliyobanwa kwenye nguo ya mwigizaji yaweza kuiokoa filamu kuliko kamera ya bei kubwa.

La pili ni muziki. Wimbo maarufu uliotumiwa bila idhini ya mwenyewe humfungia kijana milango ya tamasha lolote la maana, kwani mwandaaji hataki kesi. Ni afadhali kumwomba msanii wa mtaani atunge wimbo na kutia sahihi mkataba.

La tatu ni maandishi ya tafsiri chini ya picha. Filamu ya Kiswahili, Kiluo au Sheng' isiyo na tafsiri haiwezi kufika mbali na nyumbani, hata ikiwa na kisa kitamu.

La nne ni subira. Baadhi ya matamasha makubwa hayapendi filamu ambayo tayari imeshatazamwa na kila mtu mtandaoni. Kijana anayekimbilia kuipakia kazi yake usiku ule ule aliomaliza kuihariri huenda akajinyima nafasi asiyoijua.

Mwisho, ni muhimu waigizaji na wenye majengo yaliyotumika watie sahihi makubaliano, hata kama ni marafiki. Urafiki huvunjika mara tuzo inapopatikana.

Vizingiti

Tatizo kubwa zaidi ni uhaba wa kumbi zenyewe.

Nairobi iliwahi kuwa na sinema katika sehemu nyingi, kuanzia katikati ya jiji hadi Ngara na Pangani, na Mombasa vivyo hivyo. Kanda za video, televisheni na baadaye diski za bei rahisi ziliwapunguza wateja, na majumba mengi yakageuzwa makanisa, maduka na kumbi za mikutano. Abiria wanaposhukia kituo cha Odeon jijini, wengi wao hawajui kuwa jina hilo ni la sinema.

Kumbi zilizosalia ziko hasa katika maduka makubwa ya kifahari, na huendeshwa kwa filamu za Marekani na India zenye hakika ya kuuza tikiti. Filamu fupi haina bei ya tikiti inayojulikana, na mwenye ukumbi haoni faida.

Vijana wa mitaani, kwa upande wao, hutazama filamu vibandani, ambako wasimulizi kama DJ Afro walijizolea umaarufu kwa kuzifasiri filamu za kigeni kwa vichekesho. Vibanda hivyo vina watazamaji tayari kila jioni, lakini ni nadra kazi ya kijana wa mtaa huo huo kuonyeshwa hapo.

Kizingiti kingine ni sheria. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Sura ya 222, ambayo chimbuko lake ni mwaka wa 1962, iliweka masharti ya leseni ya kurekodi na ya kuainishwa kwa filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani. Kwa kampuni kubwa, ada na fomu hizo ni jambo la kawaida. Kwa mwanafunzi aliyekopa kamera kwa siku mbili, ni mlima.

Makali ya sheria hiyo yalionekana Aprili 2018 bodi ya kuainisha filamu ilipoipiga marufuku 'Rafiki', ikisema inaendeleza mapenzi ya jinsia moja. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliruhusu ionyeshwe kwa siku saba, na watu wakapanga foleni ndefu kuitazama. Wanaoiunga mkono bodi husema jamii ina maadili ya kulindwa, ilhali wasanii husema kijana anayeanza hujifunza kuogopa kabla hajajifunza kusimulia.

Kuna pia suala la hela. Filamu fupi ni vigumu kuuza. Vituo vya runinga hupendelea vipindi vya mfululizo vinavyoweza kuvuta matangazo wiki baada ya wiki. Wafadhili wengi wa majukwaa yaliyotajwa wamekuwa taasisi za kigeni, na ufadhili ukikoma, tamasha nalo huzima.

Njia zilizopo

Hata hivyo, si kila kitu huhitaji mamilioni.

Onyesho la jioni moja huhitaji projekta, spika mbili, ukuta mweupe au shuka kubwa, na umeme wa uhakika. Kumbi za kijamii za kaunti, maktaba, shule na hata viwanja vya makanisa na misikiti huwa tupu jioni nyingi za wiki.

Kibanda cha video kikitenga nusu saa kabla ya mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza, filamu tatu za vijana wa mtaa huo zitaonekana na watu ambao hawangekanyaga kamwe kwenye ukumbi wa Westlands.

Vyuo vyenye idara za habari vingeweza pia kuzionyesha kazi za wanafunzi wao kwa umma kila muhula, badala ya kuziacha rafuni baada ya alama kutolewa.

Mnamo 2018, mwelekezi Likarion Wainaina aliionyesha filamu yake 'Supa Modo' katika tamasha la Berlin, Ujerumani. Inamhusu Jo, msichana mgonjwa mahututi anayependa filamu za mashujaa, na kijiji kizima kinachoungana kumtengenezea filamu yake mwenyewe.

Wanakijiji hao hawakuwa na mtaji wala mafunzo. Walichokuwa nacho ni mtoto aliyetaka kuonekana na watu waliokubali kumtazama.

Kuhusu filamu, basi, methali ya wahenga yahitaji nyongeza. Chema hujiuza kweli, lakini kwanza lazima mtu akitandikie jamvi sokoni.